Uzi maalum: kunasa vituo adimu vya mbali kwa wati 100 na waya (visiwa vya Bouvet, Crozet na ndugu zake)

#1 MzeeWaWaya

Wakuu habari zenu. Kila baada ya muda anakuja mtu humu anauliza kitu kilekile, "nimepata leseni, nina redio ya wati 100, nimefunga dipoli (antena ya waya), nasikia Wazungu kibao ila kile kisiwa chenyewe naita mpaka koo linakauka sijibiwi, antena yangu mbovu au?" Sasa nimeamua nishushe uzi mmoja, akiulizwa mtu anatupiwa linki yaishe.

Kwanza niseme kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia. Sisi watu wa redio za ridhaa huku Afrika Mashariki tumedekezwa. Kwa kolsaini, yaani majina yetu ya hewani, Tanzania inaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, Rwanda 9X, maopereta ni wa kuhesabu, kwa hiyo ukitoa CQ yako (wito kwa yeyote anayesikia) kwenye masafa ya mita 15 jioni jioni mara Muitaliano, mara Mrusi, mara Mjapani, wanakurundikia wee, kazi yako ni kuchagua tu umjibu nani. Raha sana sikatai, ila ndo inatulemaza, umezoea kutafutwa hujawahi kutafuta. Siku kikitokea kituo adimu kuliko wewe unaingia na ubosi uleule, unaita ovyo juu ya frikwensi yake ukitegemea akisikia "Five Hotel" (ile 5H yetu) atasimamisha kila kitu. Hasimamishi. Hajakusikia hata.

Kwa wageni: kuna orodha inaitwa DXCC, inasimamiwa na chama cha Marekani ARRL, kwa sasa ina maeneo 340. Ukithibitisha kwamba umewasiliana na 100 unapata cheti. Ukiwa huku hizo 100 za mwanzo hazina shida, zinakufuata zenyewe. Shughuli ni zile za mwisho, visiwa ambavyo haishi mtu, hifadhi ambazo kukanyaga tu ni kibali, na nchi ambazo hazitoi leseni kabisa. Korea Kaskazini ndo kinara, kule mtu pekee aliyekaa hewani muda wa maana alikuwa Mgeorgia mmoja mfanyakazi wa Shirika la Chakula Duniani, P5/4L4FN, mwaka 2001 hadi 2002. Fikiria vijana waliozaliwa kipindi hicho leo wana leseni zao na bado wanasubiri.

Sasa mbinu. Ya kwanza na ndo yenye uzito kuliko zote, FUNGA MDOMO USIKILIZE. Najua kila mtu anaisema hii, ila watu wanadhani kusikiliza ni kusubiri zamu. Hapana, kusikiliza ni kazi. Opereta wa kituo adimu karibu siku zote anafanya kazi kwa spliti, yaani anarusha frikwensi moja anasikiliza nyingine. Kwenye sauti utamsikia anasema "five up" au "listening five to ten up", kwenye morsi anaandika UP. Maana yake yeye akiwa megahezi 14.195 wewe humuiti 14.195, unamuita kuanzia 14.200 kwenda juu. Redio yako ina VFO mbili (za kuchagulia frikwensi), A ibaki kwake, B ndo ya kurushia, bonyeza spliti, hakikisha imewaka. Hakikisha tena.

Halafu usianze kuita. Sikiliza anamjibu nani, chapu zungusha VFO ya pili umtafute huyo aliyejibiwa yuko wapi. Mfano amejibiwa mtu 14.201. Anayefuata umemkuta 14.2025. Anayefuata 14.204. Umeshaona? Jamaa anapanda taratibu. Sasa wewe jiweke 14.2055 umsubiri hapo aje akukute. Wengine wanapanda mpaka mwisho halafu wanarudi chini polepole, wengine wakifika mwisho wanaruka wanaanza upya chini, wengine wanakaa palepale alipompata wa mwisho. Kila opereta ana mwendo wake na wakibadilishana zamu mwendo nao unabadilika, kwa hiyo ukisikia sauti imekuwa nyingine anza uchunguzi upya. Watu wana redio za mamilioni wanaita nusu saa nzima sehemu ambayo jamaa alishapita zamani.

Ya pili, kolsaini nzima mara moja. Sio "Hotel Three Hotel Three" nusu nusu, na sio kurudia mara tatu bila pumzi, ukirudia hivyo yeye anakuwa ameshamjibu mtu na wewe bado unaita juu yake, na hapo ndo tunaonekana wote washamba. Ita mara moja, sikiliza sekunde kadhaa, ita tena. Akisema "the station ending Kilo Alpha" na wewe huna hizo herufi kaa kimya. Hata kama unaamini amekosea kusikia kaa kimya.

Nitarudi na sehemu ya pili kuhusu muda na mwelekeo, hapo ndo Mwafrika Mashariki ana bahati ambayo haitumii.

#2 kapuku_2

Nimechukua kiti nakaa mbele kabisa. Mzee shusha nondo.

#3 BintiMsasani

Asante sana mkuu, mimi ni mgeni kabisa kwenye haya mambo. Maswali mawili naomba nisichekwe. Moja, hiyo fujo mnayoita pailapu ikoje, maana video nimeona ni kelele tupu sijaelewa mtu anasikiaje. Mbili, naweza kuanza hata bila leseni?

#4 MzeeWaWaya

BintiMsasani, hakuna wa kukucheka hapa dada. Pailapu ni vituo vingi kumuita mmoja kwa wakati mmoja, ni kama makondakta mia wa Mbagala wanaita kwa pamoja na abiria ni mmoja, abiria haendi kwa mwenye sauti kubwa zaidi, anaenda kwa yule ambaye sauti yake imejitenga na wenzake. Ndo maana nasema kupata sehemu tupu ndani ya ile fujo ni bora kuliko kuongeza makelele.

Leseni ndiyo, lazima, kwa Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, usirushe chochote bila hiyo. Ila masikio unaweza kuyafundisha leo leo. Kuna redio za mtandaoni zinaitwa KiwiSDR, zimetapakaa dunia nzima, unafungua kwenye simu unasikiliza pailapu kwa masikio ya mtu wa Ulaya au Afrika Kusini. Fanya zoezi hili, tafuta kituo chenye spliti, kisikilize, halafu mtafute kila anayejibiwa yuko wapi. Fanya mpaka uwe unawapata wengi. Ukifika hapo siku una redio yako utawapita watu wenye leseni za miaka.

Angalizo tu, ukishakuwa na leseni usije ukasikiliza kwa redio ya mtandaoni iliyoko Ulaya halafu unarusha kwa antena yako ya Msasani ukadai umepata. DXCC haikubali, mtambo wa kusikilizia na wa kurushia vyote vinatakiwa viwe eneo moja.

#5 InjiniaKilowati

Mzee nakuheshimu ila tusidanganyane. Kusikiliza kuzuri, ila mwisho wa siku mwenye linia (mashine ya kuongeza nguvu) ya kilowati ndo anaingia kwenye logi (orodha ya waliowasiliana), wewe mwenye wati 100 unabaki kuandika nyuzi. Nimeona mwenyewe wenye mashine kubwa wanaita mara moja wanajibiwa.

#6 MzeeWaWaya

> InjiniaKilowati alisema: mwenye linia ya kilowati ndo anaingia kwenye logi

Injinia wewe ni mtu wa hesabu hebu tuzipige. Wati 100 kwenda wati 1000 ni desibeli 10. Nukta moja ya S kwenye mita ya nguvu ya ishara ni desibeli 6. Kwa hiyo kwa pesa yote hiyo, transfoma lake, feni lake, umeme wake, umepanda S moja na nusu na kidogo. Sisemi si kitu, kwenye ukingoni mwa kusikika inaokoa kweli. Ila yagi (antena inayoelekezwa upande mmoja) ya vipande 3 ukilinganisha na dipoli inakupa kama desibeli 6 hivi kwenye kurusha NA kwenye kupokea, linia haikusaidii kusikia hata chembe. Na adui yetu wa mjini ni kutokusikia. Taa za LED za bei poa, chaja za simu, inveta ya sola ya jirani, kingamuzi, vyote hivyo vinanguruma kwenye HF (masafa mafupi tunayotumia). Jaribu siku umeme umekatika mtaa mzima, endesha redio kwa betri, utashangaa vituo vilivyokuwa havipo vyote vimeota. Ukishasikia hivyo anza kuzima kitu kimoja kimoja ndani kwako ujue mchawi ni nani.

Kitu kingine cha bure ni bahari. Mtu wa Kigamboni, Tanga, Kilifi, Lamu, ukisimamisha antena ya wima karibu kabisa na maji ya chumvi mawimbi yanatoka chini chini kuelekea upeo, na hiyo pembe ya chini ndo inayoenda mbali. Ya mita 20 robo wimbi ni kama mita 5 tu na nyaya zake za chini. Mtu wa bara nunua urefu, dipoli ya mita 20 ina urefu kama mita 10.1, ipandishe nayo mita 10 juu kwenye mnazi au mwembe. Dipoli iliyofungwa usawa wa paa la bati usiitegemee kwa Bouvet.

Na audio. Punguza besi, ongeza sehemu ya juu kidogo, kompresa iwe ya kiasi. Mtu mwenye sauti nzito ya redio za FM ndani ya pailapu haeleweki anasema nini.

#7 OtisNyanza

Wasee huku Kenya tunawasoma. Mzee umeongea poa sana lakini umesahau kitu muhimu, bikoni (vituo vinavyorusha vyenyewe ili ujue njia ipi iko wazi). Kuna mtandao wa bikoni 18 za NCDXF na IARU (mashirika ya redio za ridhaa), na moja iko kwetu, 5Z4B. Zinarusha 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kila moja inapewa sekunde 10 halafu inapisha ingine, baada ya dakika 3 mzunguko unaanza upya. Inatuma jina lake kwa morsi, kisha dashi nne, ya kwanza wati 100, ya pili 10, ya tatu 1, ya mwisho 0.1. Sasa ukisikia ZS6DN ya Afrika Kusini mpaka dashi ya mwisho, hiyo ni wati sufuri nukta moja buda, basi usiniambie ati upande wa kusini umefungwa. Ukiwa hujui morsi tumia saa, kila bikoni ina dakika na sekunde yake, na kuna programu zinakuonyesha ni gani iko hewani sahii.

Kuna watu wanaangalia klasta tu (orodha ya mtandaoni ya vituo vinavyosikika), wakiona hakuna kitu wanasema hakuna propageshoni, yaani mawimbi hayapiti, wanazima wanaenda kulala. Klasta inajazwa na Wazungu na Wamarekani, wanaandika wanachosikia wao kwao. Njia ya Nairobi kwenda kusini inaweza kuwa wazi kabisa na hakuna mtu ameandika.

#8 MzeeWaWaya

Otis hapo umemaliza kila kitu kuhusu klasta, na imenifungulia njia ya sehemu ya pili.

Nitumie mfano mmoja wa kweli, Bouvet, 3Y0J, mwanzoni mwa 2023. Kisiwa cha Norwe, kiko kusini kabisa mwa Atlantiki, barafu tupu. Mwaka 2018 msafara wa 3Y0Z ulifika mpaka karibu nacho, hali ya hewa ikagoma, injini ya meli ikaleta shida, wakageuza kwenda Cape Town bila mawasiliano hata moja. Hawa wa 2023 nao walipata taabu, kutua ufukweni ilikuwa ni kupita kwenye mawimbi na maji ya baridi na mizigo wakiivuta kwa kamba, ikabidi wapunguze vifaa karibu vyote walivyopanga. Kambi ndogo, antena ndogo, nguvu ndogo. Walitoka na mawasiliano zaidi ya 18,000 na dunia nzima ilikuwa inawataka. Linganisha na kisiwa cha Amsterdam kusini mwa Bahari ya Hindi, FT5ZM ya 2014, ile ilifika kama 170,000. Sasa ukiwa na msafara dhaifu hivyo, ishara yao ni nyembamba, umbali ndo unaamua nani anawasikia.

Chukua ramani. Dar mpaka Bouvet ni kama kilomita 6,200, mwelekeo wa kusini kusini-magharibi, nyuzi 204 hivi. London mpaka Bouvet ni karibu 11,800. Yaani Mwingereza yuko mbali karibu mara mbili yetu, na yeye ana majirani maelfu wanaoita pamoja naye, sisi hatuna. Crozet, visiwa vya Ufaransa kusini mwa Bahari ya Hindi, ndo usiseme, kutoka Dar ni kama kilomita 4,500 kuteremka kusini. Msimu uleule wa Desemba 2022 mpaka Machi 2023 kulikuwa na Mfaransa mmoja yuko Crozet peke yake, kolsaini yake ilikuwa FT8WW (ndio hiyo ilikuwa kolsaini, wengi walidhani ni ile modi ya kompyuta inayoitwa FT8), na mtu mmoja akiendesha peke yake ana masaa machache tu ya kuwa hewani, kwa hiyo ukijua anaamka saa ngapi una nusu ya kazi mkononi.

Sasa dipoli yako inatoa mbavuni, sio kwenye ncha. Ukitaka nyuzi 204 waya wenyewe uvute kutoka magharibi-kaskazini-magharibi kwenda mashariki-kusini-mashariki. Watu wengi huku wamevuta waya kwa ajili ya Ulaya au walivuta tu miti ilipo, halafu Bouvet iko kwenye ncha ya waya. Fundi wa kuhamisha kamba ni wewe mwenyewe na ngazi.

Muda. Mita 10, 12, 15 ni za mchana na jioni na zinategemea jua. Mzunguko wa jua wa 25 ulifika kileleni, NASA na NOAA walitangaza Oktoba 2024 kwamba tuko kwenye kipindi cha kilele, kwa hiyo bado kuna maisha kwenye mita 10 usiwaachie wengine. Angalia namba mbili tu, flaksi ya jua ikiwa juu ya 120 au zaidi ni nzuri kwa masafa ya juu, na K (kipimo cha dhoruba za usumaku) ikiwa 3 kushuka chini ujue anga limetulia. K ikipanda 5 na kuendelea njia za karibu na ncha za dunia zinakufa kwanza, na njia ya Bouvet kule chini inaumia kuliko ya Zanzibar kwenda Mumbai.

Mita 40 ni hesabu ya giza, pande zote mbili ziwe usiku. Hapa wengi wanachemka. Mwanzoni mwa Februari kule Bouvet ni kiangazi, jua linazama karibu saa nne na nusu usiku kwa saa zetu, kwa hiyo ukikaa saa mbili usiku mita 40 unasubiri Bouvet unasubiri jua lizame kwa mwenzako. Anza saa tano. Na asubuhi kwetu jua linatoka kabla ya kwao hivyo mlango unafungwa na sisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshakaa kwenye kiti, ule muda wa mpambazuko ishara za masafa ya chini zinapanda ghafla dakika chache halafu kwishnei. Huku karibu na ikweta kunakucha haraka sana, sio kama Finland ambako mpambazuko unasuasua saa nzima, kwa hiyo dirisha letu ni jembamba. Ukitaka kuona kwa picha ingia VOACAP mtandaoni, weka Dar, weka Bouvet, weka mwezi, itakuchorea kila masafa na masaa yake.

Na logi ni UTC (saa moja ya dunia nzima) jamani. Njia rahisi kwa Mswahili, chukua saa yetu ya kawaida ongeza 3. Saa tatu asubuhi ni 0600. Saa nne na nusu usiku ongeza 3 inakuja saba na nusu, yaani 1930.

Kitu cha mwisho kwenye sehemu hii na ndo ile bahati niliyosema. Opereta akizidiwa anaanza kugawa, "Europe only", "North America only", mara "Japan". Hapo nyamaza, usilazimishe, anakukumbuka kwa ubaya. Lakini mara chache anasema "Africa, South America, Oceania" na ile kelele yote inakatika. Hilo ni dirisha la dakika chache na Afrika wanaoita mara nyingi ni wawili watatu. Shida ni kwamba wakati huo Mtanzania ameenda kupika chai kwa sababu amechoka kusikia Europe Europe. Usiondoke.

#9 kapuku_2

Mimi nina swali la kichokozi. Mnaumia masikio ya nini wakati kuna FT8? Unaklik unaenda kuoga unarudi umepata Bouvet. Na hilo nalo ni kunasa kituo au ni kompyuta mbili zinaongea zenyewe?

#10 DijitaliDada

kapuku_2 ungekuwa unaoga kweli ungejua haiko hivyo 😂

FT8 ilitoka 2017, walioitengeneza ni Joe Taylor K1JT, huyo ana Nobeli ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke K9AN. Kila zamu ni sekunde 15, unarusha unasubiri unarusha. Inasoma ishara ambayo sikio lako halisikii chochote, mpaka kama desibeli 21 chini ya kelele. Kwa mtu wa ghorofani mwenye waya umepita dirishani hii ni mkombozi acheni kubeza.

Ila kwa misafara kuna utaratibu wake, unaitwa Foksi na Haundi. Msafara ni Foksi, wewe ni Haundi, na lazima uweke hiyo modi kwenye programu sio ile ya kawaida. Foksi anarusha chini, kati ya 300 na 900 Hz, na anaweza kujibu mpaka watu 5 kwa pamoja. Wewe unamuita juu ya 1000 Hz, akikujibu programu yako yenyewe inakuhamisha inakushusha kwenye frikwensi yake kumalizia. Sasa mtu anaita chini ya 1000 anakaa siku nzima hajibiwi analaumu antena. Pia hawatumii 14.074 ya kila siku, wanatangaza frikwensi zao mapema, soma tovuti ya msafara.

Makosa ninayoyaona kwa watu wetu ni saa ya kompyuta. Ikipishana sekunde moja tu na kitu umekwisha. Weka programu ya kusawazisha saa, na kama uko porini bila intaneti tumia GPS. Lingine ni kuita mahali ambapo wengine ishirini wako juu yako, angalia ile picha ya ishara inayoshuka kama maji kwenye skrini tafuta mstari mtupu, na uendelee kuita hata kama humsomi kila zamu. Ila kama humsomi KABISA usiite, unapiga makelele tu bure.

Mzee kasema kusikiliza ni kazi, huku kwetu kusikiliza ni kuangalia, ila kazi ni ileile.

#11 MzanzibariMuscat

Assalaam alaykum jamaani. Nami nipo huku Muscat, nakusomeni tangu asubuhi. Nataka kutia mawili.

Moja, Zanzibar yetu ilikuwa na nafasi yake wenyewe kwenye hiyo DXCC, kolsaini za VQ1 zamani zile. Ikafutwa, mawasiliano yanayohesabika ni ya mpaka tarehe 31 Mei 1974. Kwa hiyo leo ukienda Unguja ukirusha 5H1 unahesabika Tanzania. Lakini kwa wale wakusanyaji wa visiwa, IOTA, Unguja ni AF-032 na Pemba na Mafia zina namba zao mbali, na wapo watu duniani wanakutafuta kwa hilo tu. Kwa hiyo alosema Mzee kwamba sisi ndio tunaotafutwa ni kweli. Ukipata kukaa upande ule wa kutafutwa kaa ujifunze, utaona wewe mwenyewe unamjibu nani haraka na nani anakuudhi. Mimi somo la pailapu nimelipata hapo, sijalipata kwa kuita.

La pili adabu. Mtu anakosea anaita juu ya frikwensi ya msafara, basi hapohapo wanatokea watu kumi kumgombeza "UP UP UP", wengine wanamtukana. Huyo mkosaji amekosea sekunde mbili, hao polisi wa frikwensi wanaharibu dakika nzima na hakuna aliyesikia kitu. Muacheni. Na wale wanaotia makelele kusudi ndio usiwajibu kabisa, wanachotaka ni kujibiwa. Wala usitune redio yako juu ya frikwensi ya mtu, sogea pembeni kilohezi kadhaa.

#12 InjiniaKilowati

Haya nimesoma yote, kwa Crozet na mwelekeo wa waya nakubali, mimi dipoli yangu kumbe ilikuwa inaangalia Ulaya. Linia siuzi lakini 😂. Swali, je mtu akiwa amepata, uthibitisho anaupataje? Kadi ya posta nilituma zamani sehemu fulani mpaka leo kimya.

#13 MzeeWaWaya

Injinia karibu kundini. Na MzanzibariMuscat shukrani, hilo la kujifunza ukiwa unaitwa sikulifikiria hivyo ila ni kweli, unajua ndani ya lisaa limoja kwamba yule anayerudia kolsaini mara nne ndo unayemruka.

Uthibitisho siku hizi ni mambo matatu. Kuna LoTW ya ARRL, iko tangu 2003, unapakia logi yako, nao wanapakia yao, mistari ikikutana umethibitishwa, kujiunga na kupakia ni bure. Jiunge kabla hujahitaji maana kuhakikiwa kwa mtu wa nje ya Marekani kunataka nakala za leseni na kitambulisho. Pili ni OQRS, unaingia tovuti ya Club Log unaangalia kama umo kwenye logi ya msafara, unaomba kadi na kuchangia kidogo mtandaoni. Tatu kadi ya posta kwa meneja wa QSL (kadi za uthibitisho), pamoja na bahasha yenye anwani yako na dola chache za stempu. Ukituma hivyo ficha noti vizuri ndani, na juu ya bahasha usiandike kolsaini, kolsaini inamwambia kila mtu kwamba ndani kuna dola.

#14 BintiMsasani

Je ukikuta kwenye logi yao wamekosea herufi moja ya kolsaini yako? Ndo basi tena?

#15 MzeeWaWaya

Sio basi. Subiri kwanza msafara umalize na logi yote ipakiwe, wakiwa kisiwani intaneti yao ni ya kudonoa donoa na mara nyingi logi inachelewa, usiwajazie barua pepe wakiwa kwenye baridi. Baadaye muandikie meneja wao kwa ustaarabu, tarehe, saa ya UTC, masafa, modi, ripoti ya ishara mliyopeana. Yeye anaangalia mstari wa dakika hiyo, akikuta kuna kolsaini inayofanana na yako anarekebisha. Ndo maana nakwambia logi iandikwe palepale sio jioni kwa kukumbuka kumbuka.

Ila kinga ni bora, akikujibu sikiliza ametaja kolsaini yako yote sawasawa. Akisema Five Hotel Three halafu herufi si zako, usiseme "roger roger" ukakimbia kushangilia, rudia kolsaini yako mara mbili taratibu mpaka airudishe ilivyo, ndo umpe ripoti. Na kama hukupata uhakika, masafa mengine wakiwa wazi waite tena huko, ila kwenye masafa yaleyale ambayo tayari umo kwenye logi usiite, kuna mtu wa Kigoma bado hajawapata.